Tairi za Matope

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Clara alikuwa na kazi tatu. Alimwamsha mdogo wake Elias, alikoroga uji, kisha aliketi mezani na kumsomea baba yake barua zilizoletwa jana yake. Barua zote zilikuwa za Kiingereza: za shule, za kliniki, za mwenye nyumba. Clara alizisoma kimoyomoyo, halafu akazisema kwa Kiswahili.

Clara alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Alifika Toronto akiwa na miaka tisa, kwa hiyo lugha zote mbili zilikaa kinywani mwake bila kugombana. Elias, mwenye miaka saba, alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza. Mama yao, Adelina, alifanya kazi kwenye ghala la mizigo huko Malton, karibu na uwanja wa ndege. Baba yao, Samson, alikuwa na pikapu kubwa ambayo aliitumia kusambaza unga, ndizi na dagaa kwenye maduka ya Waafrika, kuanzia kwao Rexdale hadi Malton.

Kabla ya kuhamia Kanada, Samson aliendesha malori kwa miaka kumi na minne kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Aliijua kila kona ya mlima Kitonga. Alikuwa amewahi kulala siku tatu kwenye tope akisubiri mvua ipungue. Kiingereza chake kilitosha kusoma alama za barabarani na kumwomba mwenye duka atie sahihi. Watu walipoongea haraka, alimgeukia binti yake.

"Anasemaje?" aliuliza.

Na Clara alimweleza. Alimweleza benki, alimweleza kwa daktari, alimweleza hata shuleni siku ambayo mwalimu alilalamika kwamba Clara anaongea sana darasani.

"Wewe ni mdomo wangu," baba alipenda kusema. "Na masikio yangu."

Jumatatu moja mwanzoni mwa Desemba, Clara na Elias wakiwa bado mezani, walisikia kishindo kutoka chini. Baba alikuwa ametangulia kuwasha gari. Clara alikimbilia dirishani na kutazama kutoka ghorofa ya tisa. Usiku kucha mvua ya baridi ilikuwa imenyesha na kuganda, na eneo la kuegesha magari liling'aa kama kioo. Pikapu ya baba ilikuwa imeteleza na kulipiga pipa la chuma la taka. Pipa lilikuwa limelala ubavu, limebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Baba alirudi juu akijishika paji la uso. Damu ilimchuruzika kati ya vidole.

"Tairi zimekuwa vipara," alisema. "Ukitoka shule leo, twende tukanunue nyingine."

Shuleni, Clara hakuwaza tairi. Aliwaza Jumatano. Timu yao ya mpira wa kikapu ilikuwa imeingia fainali, na fainali ingechezwa Markham, upande wa pili wa jiji. Rafiki yake Aleena, mchezaji mwenzake, alimpiga kikumbo kwenye korido.

"Kocha kasema asiyefika Markham saa kumi na mbili kamili hachezi," Aleena alisema. "Nafasi yako atapewa Karima."

"Baba atanipeleka."

"Kwa ile pikapu yenu? Itafika kabla ya Krismasi?"

"Itafika kabla ya mdomo wako kufungwa," Clara alijibu, na wote wawili walicheka.

Jioni Clara na baba yake walikwenda kwenye gereji iliyokuwa karibu na barabara ya Kipling. Mwenye gereji aliitwa Shafiq. Wazazi wake walitoka Mwanza, lakini yeye alizaliwa Toronto, na Kiswahili chake kiliishia kwenye maneno mawili.

"Karibu!" alisema akitabasamu. Baada ya hapo alihamia Kiingereza.

Samson hakungoja kuonyeshwa. Karibu na mlango zilipangwa tairi nne zenye kashata kubwa kubwa, yale meno ya mpira yanayouma ardhi. Alipitisha kiganja juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe mnono.

"Haya ndiyo meno!" alisema. "Kwa hizi Kitonga napanda huku nimelala. Mwambie nazitaka hizi."

Clara alimwambia Shafiq. Shafiq akatikisa kichwa.

"Mwambie baba yako hizi ni tairi za matope," alisema. "Mpira wake ni mgumu. Baridi ikiwa kali unakuwa kama jiwe, na jiwe likiwekwa juu ya barafu linateleza. Anahitaji tairi za majira ya baridi. Mpira wake ni laini, zina mikato myembamba mingi, na ubavuni zina alama ya mlima na chembe ya theluji. Za saizi ya pikapu hii, zinazoweza kubeba mzigo wake, zimeniishia. Nitaletewa Alhamisi. Mwambie mpaka Alhamisi asiendeshe kwenye barafu."

Clara alisikia maneno yote. Lakini neno moja tu lilibaki kichwani mwake. Alhamisi.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Clara alitazama sakafu. Aliiona jezi yake namba nane. Alimwona Karima amechukua nafasi yake.

"Anasema hizi ni nzuri," alisema. "Zinafaa kwa theluji."

"Si nilijua!" Samson alicheka na kulipiga tairi kofi. "Theluji ni kitu gani? Ni matope meupe tu."

Shafiq alimwona mteja wake akicheka, akakunja uso. "Amenielewa kweli? Mwambie tena. Mwambie ni hatari."

Sasa Clara alihitaji uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza, na huo wa pili ulitoka kwa urahisi zaidi. "Ameelewa," alijibu kwa Kiingereza. "Anasema amekuwa dereva miaka mingi. Anajua anachokitaka. Anazitaka hizi."

Shafiq alimtazama Samson. Samson, akidhani anaulizwa kama amependa, aliinua kidole gumba na kuitikia kwa kichwa kwa nguvu: ndiyo, ndiyo.

"Haya," Shafiq alisema, akivuta jeki. "Gari ni lake."

Njiani kurudi nyumbani, tairi mpya zilinguruma juu ya lami iliyomwagiwa chumvi, na baba alipiga mluzi. Clara alijiambia: ni siku mbili tu. Mechi ikiisha nitamwambia.

Jumatano theluji ilianza kuanguka saa sita mchana. Kufikia saa kumi jioni upepo uliichapa kwenye nyuso za watu kama mchanga. Mama alikuwa bado kazini, hivyo Elias alikwenda nao. Alikaa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda, akiimba namba ya jezi ya dada yake na kupiga mateke mgongo wa kiti cha Clara.

"Elias, acha," Clara alisema.

"Nane! Nane! Nane!" Elias aliimba.

Walifuata barabara ya Islington, mahali inapoteremka kuelekea mtoni. Chini ya theluji mpya kulikuwa na barafu ya jana. Katikati ya mteremko, taa za breki za gari lililokuwa mbele yao ziliwaka nyekundu. Samson alikanyaga breki.

Pikapu haikusimama. Haikupunguza hata mwendo. Breki ilitetemeka chini ya mguu wake, magurudumu yakakwaruza, na gari zima likaendelea kuteremka. Samson alikata usukani kulikwepa gari la mbele. Mkia wa pikapu ukajitupa upande. Clara aliona mto, aliona ukuta wa theluji, aliona mto tena. Walikuwa wanazunguka.

"Shikeni!" baba alipiga kelele.

Nguzo ya taa iliwapokea kwa ubavu wa nyuma. Chuma kililia. Dirisha la Elias lilipasuka na kumwagika ndani, na kichwa cha Clara kikagonga mlango kwa nguvu hata akasikia ladha ya damu mdomoni. Kabla hawajapumua, gari dogo lililokuwa likiteremka nyuma yao likashindwa kusimama nalo. Likaipiga pikapu mbele, likaisukuma mpaka kwenye ukuta wa theluji.

Halafu kimya. Kuimba kulikuwa kumekoma.

"Elias?" Clara alisema. "Elias!"

Mdogo wake alikuwa ameinamisha kichwa. Damu ilimshuka kutoka juu ya sikio na kulowesha skafu yake ya manjano. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alipofungua mdomo na kulia, Clara alimshukuru Mungu kwa kilio kile.

Wahudumu walipokuwa wakimwingiza Elias kwenye gari la wagonjwa, dereva wa gari la kuvuta magari alifika. Alikuwa mzee mwenye ndevu zilizoganda. Aliizunguka pikapu, akachuchumaa, akaligonga tairi kwa ngumi. Lilitoa mlio kama ubao. Alimtazama Samson, akasema polepole, kwa Kiingereza chepesi, neno moja moja:

"Matope. Si theluji. Matope."

Kwa mara ya kwanza Samson hakumgeukia Clara. Maneno hayo alikuwa ameyaelewa mwenyewe.

Hospitalini walimshona Elias nyuzi kumi na moja kichwani. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mama alifika akiwa bado amevaa viatu vyake vizito vya ghalani, akamkumbatia Elias upande mmoja tu, kwa sababu upande mwingine haukushikika.

"Tairi mpya, Samson," alisema. "Za juzi tu! Imekuwaje?"

"Yule kijana ameniuzia kifo," Samson alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Clara aliiogopa kuliko makelele. "Ameniona mgeni, sijui lugha, akaniuzia uchafu wake. Nilimuuliza. Akasema zinafaa kwa theluji. Clara shahidi. Sivyo, Clara?"

Mama alimtazama Clara. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yake. Alihitaji kusema sentensi moja tu. Lakini Elias alikuwa amelala pale na kichwa chake kimefungwa bendeji, na sentensi hiyo ikawa nzito kuliko ulimi wake.

"Ndiyo, baba," alisema.

Ijumaa Clara alirudi shuleni akiwa na uvimbe wa zambarau kwenye paji la uso. Aleena alimkimbilia uwanjani.

"Clara! Pole! Tulifungwa kwa tofauti ya pointi nne, lakini usijali. Elias anaendeleaje?"

"Anaendelea."

Walitembea kidogo. Aleena, ambaye hakuwahi kulinyamazia jambo kwa zaidi ya dakika moja, akasema, "Hivi ni kweli mlikuwa na tairi za matope? Kaka yangu Faraz ameiona pikapu yenu kwenye yadi ya magari yaliyovutwa. Anasema kila mtu anajua tairi zile haziendi kwenye barafu. Baba yako hakuuliza mtu?"

Clara hakujua ngumi yake ilitoka lini. Aliisikia tu ikifika. Aleena alianguka chali kwenye theluji, na Clara akamrukia, akampiga tena, na tena, mpaka glavu yake ikawa na madoa mekundu. Wasichana wengine walipiga yowe. Mikono ya mwalimu ilimshika mabegani na kumng'oa kutoka juu ya rafiki yake kama mtu anayeng'oa gugu.

Katika ofisi ya mwalimu mkuu, Aleena alikaa na barafu puani, machozi yakimtoka bila sauti.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

Clara alikuwa amempiga mtu kwa kosa ambalo alilitenda yeye mwenyewe.

Jumamosi baada ya kifungua kinywa, baba alivaa koti lake refu.

"Clara, viatu. Tunakwenda kwa yule kijana."

"Kufanya nini?" mama aliuliza. Alikuwa akimlisha Elias uji kwa kijiko.

"Kuuliza tu."

Walipanda basi la Kipling. Baba alikaa wima bila kuegemea, na koti lake lilikuwa na umbo la ajabu upande wa kulia. Basi lilipoyumba, kitu kiligonga chuma cha kiti: *ting*. Clara alikitambua. Ilikuwa wili spana, kile chuma kizito cha kufungulia nati za magurudumu.

"Baba, turudi nyumbani."

"Utamwambia kila neno nitakalosema," baba alisema akitazama mbele. "Neno kwa neno. Asije akasema hakuelewa."

Shafiq alikuwa peke yake kaunta. Alipowaona alitabasamu, akafungua mdomo kusema "karibu." Neno hilo halikutoka. Samson alivuta wili spana na kuishusha juu ya kaunta ya kioo. Kioo kilipasuka kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, na vipande vikamwagika sakafuni kwa kelele.

"Mwambie mwanangu ana nyuzi kumi na moja kichwani!"

Clara alisema.

Samson aliruka kaunta, akamkamata Shafiq kwenye ukosi na kumbamiza kwenye rafu. Makopo ya grisi yaliporomoka. Alimpiga ngumi moja ya mkono wa kushoto, na mdomo wa Shafiq ukafunguka damu. Kisha akamkamata tena ukosi na kuinua chuma.

"Mwambie nauliza mara moja tu. Kwa nini aliniuzia tairi za matope akasema ni za theluji? Mwambie!"

Clara alisema. Shafiq alitema damu. Macho yake hayakumtazama Samson. Yalimtazama Clara, na ndani yake mlikuwa na mshangao zaidi ya hofu.

"Nilikuambia," alisema kwa Kiingereza. "Nilikuambia mara mbili. Tairi za matope, nikasema. Asubiri Alhamisi, nikasema. Kwa nini hukumwambia?"

"Anasemaje?" baba alinguruma.

Chuma kilikuwa juu. Katika chumba kile hakukuwa na mtu mwingine wa kuyabeba maneno yale kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Angeweza kusema, anaomba radhi. Angeweza kusema, anasema alikosea. Baba angemwamini. Baba alimwamini siku zote. Na uongo huo ungemwacha yeye salama, na Shafiq chini ya kile chuma, na baba yake gerezani.

"Clara! Anasemaje?"

"Anasema aliniambia," Clara alisema. "Mara mbili. Alisema ni tairi za matope, zinakuwa kama jiwe, ni hatari. Alisema tusubiri Alhamisi. Ni mimi, baba. Ni mimi sikukuambia. Nilitaka kwenda kwenye mechi. Nikakudanganya wewe, nikamdanganya na yeye. Ukitaka kupiga, nipige mimi."

Maji ya theluji yalidondoka kutoka kwenye koti la Samson. Mkono wake ulioshika chuma ulishuka kidogo kidogo, kama mkono wa mtu aliyechoka sana, mpaka wili spana ikagusa sakafu. Mkono mwingine ukauachia ukosi wa Shafiq.

"Mtoto amesema kweli," sauti ilitokea nyuma.

Wote waligeuka. Kwenye mlango wa ofisi alisimama mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe, shali mabegani, simu mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza kabisa.

"Mimi ni Nurjehan, mama yake huyu uliyempasua mdomo," alisema. "Nasikia lugha zote mbili. Nimesikia alichosema mwanangu, nikamsikiliza huyu binti. Nilikuwa nimebakiza namba moja tu kuwapigia polisi. Ningesikia amedanganya tena, ningebonyeza."

Samson alitazama kioo kilichovunjika, akatazama mdomo wa Shafiq. Alipiga magoti pale pale na kuanza kuokota vipande vya kioo kwa mikono mitupu.

"Shikamoo, mama," alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Nimekuja kama jambazi kwenye nyumba ya mtu aliyetaka kuniokoa."

"Marahaba. Acha hivyo, utajikata. Ufagio uko pale."

Samson alifagia. Shafiq alijifuta damu na kusema maneno kadhaa kwa mama yake, naye Nurjehan akayaleta kwa Kiswahili: "Anasema hatapeleka kesi. Kioo utakiweka wewe kwa mikono yako. Na anasema naye ana kosa lake. Aliona unacheka wakati anakueleza hatari, moyo ukamwambia huyu hajaelewa, lakini akakubali neno la mtoto ili amalize kazi."

Samson aliegemea ufagio. "Na mimi nilipenda kusikia vile," alisema taratibu. "Niliyaona yale meno nikajiona niko Kitonga. Ningeuliza hata kwa ishara. Nilimbebesha mtoto kazi ya watu wazima, kisha sikujishughulisha hata kujifunza maneno mawili." Alimtazama Clara. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini wewe, mwanangu. Elias angekufa."

"Najua, baba." Clara alilia kama hajawahi kulia, na baba yake hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka mwisho, halafu akampa leso.

Nyumbani Clara alimwambia mama, kisha akamwambia Elias. Mama aliendelea kukunja nguo bila kumtazama. Elias alifikiri kidogo, akauliza kama anaweza kuchukua kila kipande cha keki cha dada yake kwa mwezi mzima. Jumatatu Clara alikwenda kwa Aleena mbele ya timu nzima, akasema alichofanya na sababu yake. Aleena hakumkumbatia. Alisema, "Pua bado inauma," akaondoka. Siku tatu baadaye alimtupia mpira mazoezini, na Clara akaudaka.

Pikapu iliponyooshwa, Samson na watoto wake walirudi kwa Shafiq. Kaunta ilikuwa na kioo kipya, kilichowekwa na Samson mwenyewe siku mbili kabla. Tairi zenye alama ya mlima zilikuwa zimefika. Shafiq aliviringisha tairi mbili hadi nje, moja la matope na moja la baridi, akazisimamisha juu ya barafu nyuma ya gereji. Alilisukuma la matope kwa mguu; likateleza mpaka kwenye uzio. Alilisukuma la pili. Likang'ang'ania pale pale. Samson alichuchumaa na kubonyeza mpira wake kwa kidole gumba. Ukabonyea, laini, ingawa baridi ilikuwa kali.

Shafiq alieleza na Clara alitafsiri, sentensi baada ya sentensi. Zifungwe zote nne, si mbili. Upepo upimwe kila wiki, maana baridi huupunguza. Nati zikazwe tena baada ya kilomita mia moja. Shafiq akasema jambo jingine, na Clara akasita.

"Baba, hilo neno silijui," alisema. "Ngoja niulize."

Alimwuliza Nurjehan, na Nurjehan, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akamweleza kwamba ni kiwango cha uzito ambao kila tairi linaweza kubeba. Samson alilirudia neno la Kiingereza mara tatu, vibaya, na Elias akacheka mpaka akajishika mkono wake wenye plasta.

"Clara, njoo," Nurjehan alisema.

Clara alisogea. Alikuwa amekwisha kumsimulia bibi huyo kila kitu, hata habari ya Aleena.

"Nimeishi kati ya lugha maisha yangu yote, tangu Mwanza. Nitakuambia nilichokiona. Anayebeba maneno kati ya watu wawili amebeba mzigo wao. Haruhusiwi kuuonja wala kuupunguza. Na asipoelewa, aseme hajaelewa, kama ulivyosema sasa hivi. Hiyo si aibu. Tena, uongo ukitoka mdomoni haukai bure, mwanangu. Unatafuta mtu wa kumpiga. Wako ulimpiga mdogo wako, ukampiga rafiki yako, ukampiga mwanangu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeusema. Uongo huo uliacha kupiga watu siku uliyokubali ukupige wewe."

Clara aliinamisha kichwa. "Nimesikia, bibi."

"Basi mweleze Shafiq niliyosema. Yote. Hajui nimesema nini."

Shafiq alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu, spana mkononi, akiwatazama. Clara alivuta pumzi. Alianza na mzigo wa maneno, akaendelea na uongo unaotafuta watu wa kuwapiga. Alipofika kwenye majina ya waliopigwa aliyataja yote matatu, la Elias, la Aleena, na la Shafiq mwenyewe, bila kuruka hata moja.